Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani kinaweza kuniambia kama Gairo kuna ukungu kesho alfajiri?

Mchuuzi wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Nafanya biashara ya nafaka, naishi Nzuguni hapa Dodoma, na kuna siku lazima niondoke saa kumi na moja alfajiri kuelekea Kibaigwa, mara nyingine napitiliza Gairo au Morogoro kabisa. Kinachonisumbua ni ukungu. Hapa mjini unatoka anga safi nyota zote unaziona, ukishaipita Pandambili huko mbele huoni hata mstari wa barabara, na hapo mtu ulishapanga muda wako na mteja anakusubiri.

Sasa ndugu yangu alitoka nje ya nchi akaniletea kituo kidogo cha hali ya hewa, vile vya nyumbani, kina vikombe vya upepo, kikombe cha mvua, kipima joto na unyevu, na kioo chake kinakaa sebuleni alafu data inakuja mpaka kwenye simu. Nimekifunga juu ya bati ili kipate upepo. Nikajua tayari nimemaliza, kumbe ndo kwanza maswali yameanza. Usiku unyevu unapanda mpaka 98, 99, unaganda hapohapo hadi asubuhi, nikifungua mlango hakuna ukungu wowote, umande tu kwenye gari. Siku nyingine kinaniandikia 90 hapa na nikifika Gairo naendesha kwa kubahatisha. Alafu presha ya hewa kila alasiri inashuka na kwenye kioo kinatokea kialama cha wingu na mvua, nangoja mvua haiji.

Wajuvi naombeni mnisaidie, hiki kidude kinaweza kutabiri ukungu au nimeletewa pambo la ukutani? Natanguliza shukrani.

Fundi Vihisi

Mkuu hicho kidude ni kizima tatizo ni mahali ulipokiweka. Bati ndo sehemu mbaya kuliko zote kwa kipima joto. Mchana linawaka, kinasoma joto la bati sio la hewa, na usiku usio na mawingu bati linapoa kuliko hewa yenyewe, ndo maana asubuhi unakuta linachuruzika umande wakati ukutani kukavu. Kwaiyo kihisi chako kinakaa kwenye kahewa baridi kalikolala juu ya bati na kinakuambia 99 wakati uani kwako labda ni 91.

Kishushe. Kiwe mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, sehemu ya wazi, chini yake udongo au majani na sio saruji, na kiwe ndani ya zile sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine zenye nafasi hewa ipite. Vikombe vya upepo ndo viende juu, kama vinatenganishwa na kihisi cha joto. Kama ni kipande kimoja chagua unachokitaka zaidi, na kwa habari ya ukungu mimi nachagua joto na unyevu visome vizuri.

Alafu jambo la pili ni kihisi chenyewe. Hivi vya bei ya kawaida vinakosea asilimia 2 hadi 5 ya unyevu hata vikiwa vipya, na vikikaa kwenye maji usiku kucha vinachelewa kushuka, jua limeshatoka yeye bado anakuandikia 99. Mi nnavyofanya natengenezaga vya kwangu kwa bodi ya ESP32 na kihisi cha SHT31, vile vihisi vya DHT22 niliachana navyo, ukungu ukipita mara mbili tatu vinaanza visa. Sasa fikiria, ukungu unataka unyevu wa 97 mpaka 100, na kihisi kinakosea 3. Hapo juu kabisa namba haikusaidii tena, ni kama mizani ya sokoni kumpimia sonara dhahabu.

Mpima Anga

Fundi kaeleza vizuri, mi niongezee upande wa hali ya hewa yenyewe maana hata ukiwa na kihisi cha bei ya gari bado utakosea kama unaangalia namba isiyo sahihi.

Achana na asilimia ya unyevu. Inapanda kila usiku kwasababu joto linashuka, haina maana mvuke umeongezeka. Angalia kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikipoa hadi kulifikia mvuke unaanza kugeuka maji. Vituo vingi vinaonyesha, tafuta kwenye menyu. Kama chako hakionyeshi weka kwenye Eksel, T ni joto la hewa: X = ln(unyevu/100) + 17.62*T/(243.12+T), alafu kiwango cha umande = 243.12*X/(17.62−X). Ukiwa barabarani na huna Eksel, kila asilimia 5 chini ya 100 ni nyuzi 1 ya pengo kati ya joto na kiwango cha umande, kwaiyo unyevu ukiwa 90 pengo ni nyuzi 2. Hiyo ya haraka inafaa unyevu ukiwa juu tu, ukifika 50 inakudanganya karibu nyuzi moja na nusu.

Sasa mbinu, na watabiri wa usafiri wa anga wanaitumia. Usikimbilie kioo saa tano usiku. Angalia alasiri, saa nane mpaka saa kumi, joto likiwa juu kabisa, andika kiwango cha umande cha chini kabisa ulichokiona muda huo. Kile ndo mvuke halisi uliopo kwenye hewa iliyochanganyika vizuri kutoka chini mpaka juu. Alafu jiulize usiku joto litashuka mpaka ngapi. Likiishia juu ya ile namba, lala. Likifika hapohapo tegemea umande na ukungu mwepesi. Likishuka nyuzi moja na nusu au mbili chini yake, anga safi na upepo mdogo, hapo ukungu wa kweli unawezekana.

Mfano wa Dodoma. Siku ya kawaida ya mwezi wa pili saa tisa alasiri nyuzi 29, unyevu 50, kiwango cha umande kinakuja 17.5. Usiku unashuka mpaka 19, hakuna kitu. Siku nyingine mvua imenyesha adhuhuri, saa kumi ni nyuzi 23 na unyevu 75, kiwango cha umande 18.3, jioni mawingu yanafunguka, ardhi imelowa, usiku joto linakwenda mpaka 16.5. Hapo asubuhi mabondeni utaukuta. Ndo maana ukungu wa mjini Dodoma ni nadra na ukija unakuja masika, asubuhi inayofuata baada ya mvua, anga likiwa limesafishika.

Upepo nao una kona yake. Watu wanadhani upepo ukiwa sifuri ndo ukungu unakuja, sio kweli moja kwa moja. Hewa ikitulia kabisa mvuke wote unaishia kwenye majani kama umande na hewa inabaki kavu, ndo zile 99 zako zisizo na ukungu. Unahitaji kaupepo kadogo, mita moja kwa sekunde hivi, kakoroge ubaridi wa chini na hewa ya juu kidogo. Upepo ukizidi mita tatu unachanganya na hewa kavu ya juu, biashara imeisha. Na vikombe vya vituo vya nyumbani vingi havianzi kuzunguka mpaka upepo ufike kama mita moja kwa sekunde, kwaiyo sifuri yako inaweza isiwe sifuri.

Kuhusu presha usiumize kichwa. Huku kwetu tropiki presha ina mawimbi yake ya kila siku: saa nne inapanda, saa kumi inashuka, mchana na usiku, milibari mbili tatu, iwe kiangazi iwe masika. Vile vialama vya mawingu kwenye kioo vimepangwa kwa nchi za Ulaya ambako presha ikishuka kweli mvua inakuja. Ukiweza vizime.

Semi Tela

Mpima Anga shule nzuri ila mi natoa ya barabarani. Gairo ukungu wake haufuati hayo mambo ya mvua ya jana wala nini. Mwezi wa sita wa saba Dodoma pakavu vumbi tupu, tembea ufike Gairo unakuta manyunyu na baridi, wiper zinafanya kazi. Tena upepo unavuma vizuri tu. Kwaiyo hiyo ya mita tatu kwa sekunde kule haipo.

Alafu mchuuzi nikuambie kinachoua kule sio ukungu peke yake ni lori bovu. Unajua sisi gari ikifa tunakata matawi tunapanga barabarani nyuma kuashiria. Kwenye ukungu yale matawi unayaona ukiwa umeshayakanyaga na tela lenyewe liko hatua chache mbele. Washa dimu acha fulu, fulu inakurudishia mwanga wote machoni. Na usimfuate mtu taa za nyuma ukadhani ndo kiongozi wako, akiingia mtaroni mnaingia wote.

Mama Zabibu Hombolo

Habari zenu wanangu. Mimi sisafiri alfajiri ila nina shamba la zabibu huku Hombolo na swali linanihusu. Huku karibu na bwawa asubuhi za mwezi wa pili na wa tatu ukungu tunauona, unalala chini usawa wa nguzo za mizabibu, ukisimama kichwa kiko nje kinaona jua na miguu haionekani. Ikifika saa mbili na nusu umeondoka. Kijana wangu alinifungia kipimo kama hicho akakiweka juu kwenye mnara wa tenki la maji, hakijawahi kuona ukungu hata siku moja! Nikamwambia akishushe bondeni akawa ananibishia.

Kwangu mimi shida sio kuona, ni majani kulowa muda mrefu, ule ugonjwa wa ubwiri vinyoya unapenda hiyo. Naomba kuuliza, ukungu na umande kwa jani si ni mamoja?

Fundi Vihisi

Shikamoo mama. Mwambie kijana akishushe, uko sahihi wewe. Hewa baridi ni nzito inateremka usiku inakusanyika bondeni kama maji, kule juu ya tenki kunaweza kuwa na nyuzi mbili au tatu zaidi ya chini.

Kwa jani ni karibu mamoja, maji ni maji. Ila ukungu unazuia jua lisifike mapema kwaiyo jani linakaa limelowa muda mrefu zaidi. Kuna vihisi vya majani, kisahani chenye nyaya za shaba zilizokaribiana, maji yakikaa juu yake umeme unapita. Bei yake sio mbaya na kwa zabibu kitakufaa kuliko hata kipima unyevu, unahesabu saa ngapi jani limekaa na maji alafu ndo unaamua kupiga dawa.

Mama Zabibu Hombolo

Marahaba mwanangu. Hicho cha majani ndo nakitaka.

Mpima Anga

Semi Tela umenigusa penyewe na uko sahihi, ile ya kwangu ni ya ukungu wa bondeni, ardhi inapoa usiku na hewa iliyo juu yake inapoa nayo. Ndo ule wa Hombolo kwa mama. Wa Gairo ni mwingine kabisa, lile ni wingu. Hewa inatoka baharini, inapita Morogoro, inakutana na milima ya Ukaguru ambayo inapita mita 2,000, inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu, na barabara yenu inapita ndani ya hilo wingu. Ndo maana unaukuta hata kwa upepo, upepo ndo unaousukuma. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini mashariki, ndo wakati wake hasa. Na sisi Dodoma tuko nyuma ya hiyo milima, hewa ikifika huku imeshamwaga maji yake, ndo tunaambulia vumbi.

Kwaiyo mchuuzi, hapa ndo pana jibu lako na halitakufurahisha sana: kituo cha Nzuguni hakiwezi kukuambia habari za Gairo kipindi cha kusi. Kinapima hewa iliyokwisha pita. Unatakiwa ujue hewa kabla haijapanda, yaani upande wa Dumila au Morogoro mjini.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ikipanda, joto linashuka karibu nyuzi 10 kwa kila kilometa na kiwango cha umande kinashuka karibu nyuzi 2 tu, kwaiyo vinakaribiana kwa nyuzi 8 kwa kilometa. Maana yake kila nyuzi 1 ya pengo ni mita 125 za kupanda kabla wingu halijaanza. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Tuseme saa kumi na moja alfajiri mtu wa Morogoro anakuambia nyuzi 21 na unyevu 83. Pengo ni nyuzi tatu na kidogo, mara 125 ni kama mita 400, jumlisha 500, wingu linaanzia kama mita 900. Gairo iko zaidi ya mita 1,000. Jibu unalo kabla hujawasha gari. Akikuambia 24 na unyevu 65, pengo ni nyuzi 7 kwa haraka, wingu liko karibu mita 1,400, unapita chini yake.

Sio hesabu ya kuchora mstari, usiku hewa ya chini inaweza kuwa imejitenga na ya juu, kwaiyo mita 100 au 200 huku na huku zichukulie kama hakuna. Ikikaribiana sana jiandae tu kama vile upo.

Mchuuzi wa Nzuguni

Aisee hapa nimepata madini. Kwaiyo muda wote naangalia mbele ya nyumba yangu kumbe habari iko Morogoro. Nina shemeji yangu Dumila ana duka, kama nikimpelekea hiki kituo akifunge kwake mi nikasoma kwenye simu inakuwaje? Na masika je, kipindi upepo unatoka kaskazini?

Mpima Anga

Dumila pazuri sana, ni chini na ni upande unaotakiwa. Andika mwinuko wa pale dukani kwa GPS ya simu uutumie badala ya 500 ya Morogoro.

Masika mambo yanachanganyika. Kaskazi hewa inatoka upande mwingine na mvua zenyewe zinalowesha kila mahali, hapo cha Nzuguni nacho kina kazi, ile hesabu ya mita 125 unaweza kuipiga kuanzia Dodoma ambayo ni kama mita 1,100. Nzuguni ikisoma unyevu 90 alfajiri, pengo nyuzi 2, wingu liko mita 250 juu yako tu, vilima vyote vinavyozidi hapo vimefunikwa. Ile siku uliyosema ulisoma 90 hapa na Gairo huoni kitu, kama ilikuwa masika namba ilikuwa inakuambia wingu liko karibu, jiandae.

Kolo Kwetu

Na sisi wa njia ya Kondoa tusisahaulike jamani, Bereko asubuhi za mwezi wa nne ni hatari, mabasi ya Babati wanapita pale wanapiga honi njia nzima. Hesabu hii hii inafanya kazi kutokea Kondoa mjini?

Mpima Anga

Inafanya kazi, cha muhimu ujue upepo unatoka wapi na kipimo kiwe kwenye mguu wa mlima upande huo. Ukipima upande wa nyuma utapata hewa kavu utajiona uko salama.

Mtazamaji

Mi natumia njia ya kizamani. Chagua alama unazojua umbali wake, taa nyekundu ya mnara wa simu ulio kama kilometa moja, alafu kitu cha mbali kama mlima wa Simba. Ukungu kitaalamu ni usipoweza kuona mita 1,000. Mnara ukipotea ni ukungu, mnara unaonekana mlima haupo ni ukungu mwepesi tu. Ukiandika hivyo kila asubuhi pembeni ya namba za kituo, msimu mmoja tu utajua kituo chako kinadanganya kwa kiasi gani. Bila hivyo unalinganisha namba na namba.

Na mwezi wa tisa wa kumi watu wanapiga picha wanasema ukungu Dodoma, ule ni vumbi na moshi wa mashamba. Ukiona giza giza na unyevu uko 40 usihangaike na kiwango cha umande.

Fundi Vihisi

Hapo Mtazamaji kapiga penyewe. Kuna alama nyingine kwenye grafu ya joto: usiku inashuka vizuri tu, ghafla inalala, haishuki tena, na wakati mwingine inapanda kidogo kabla ya jua. Kama unyevu uko juu, maji yameanza kutengenezeka na yanatoa joto, au ukungu umeshafunika na unazuia ardhi isiendelee kupoa. Mi nimepanga bodi yangu initumie meseji hiyo ikitokea baada ya saa tisa usiku.

Kijana wa Area C

Wakuu kwanini tusifungue grupu la wasapu tuwe tunawatangazia madereva wote kila asubuhi, "leo Gairo ukungu" na hata kulipisha kidogo?

Mpima Anga

Pole pole kiongozi. Kuambiana sisi kwa sisi nilichokiona kwangu haina shida, ila kutoa utabiri kwa umma kuna sheria yake ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ya mwaka 2019, na vituo navyo vina utaratibu wa kusajiliwa. Nendeni ofisi ya TMA muulize kabla ya kuanza kukusanya hela za watu. Tena ukikusanya hela alafu ukasema hakuna ukungu na mtu akagonga tela, utajieleza wapi.

Semi Tela

Kijana anataka kuwa mamlaka 😂 sisi tunapigiana simu bure. Mchuuzi ukishafunga Dumila nistue na mimi uniunge kwenye hiyo apu, mi nakupa ya kule juu nikiwa napita usiku.

Mchuuzi wa Nzuguni

Imeisha hiyo Semi. Jumamosi nashuka Dumila nakipeleka. Fundi swali la mwisho, duka la shemeji ni la bati na uani ni saruji tupu, nyuma kuna shamba la mahindi. Na umeme unakatika katika.

Fundi Vihisi

Kipeleke shambani, simika nguzo ya mita mbili, mbali na ukuta angalau hatua kumi. Mahindi yakipanda yakafika usawa wa kihisi yaondoe yaliyo karibu, yanapumua maji hayo yatakupandishia unyevu. Umeme wa kituo chenyewe kitumie betri na sola yake ndogo, kinachohitaji umeme wa ukutani ni kile kioo na wifi ya shemeji, vitafutie pawabenki nzuri. Na kabla hujakipeleka kiweke usiku mmoja ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na kisahani cha chumvi iliyoloweshwa ikawa uji mzito. Lazima kisome 75. Kikisoma 79 ujue utakuwa unatoa 4 kila siku.